Kumsaka Mla Umeme Nyumbani kwa Mbinu ya Waandishi wa Programu

Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinapokwisha kabla ya wakati, wengi wetu huanza kulaumiana: fulani anapiga pasi kila asubuhi, fulani analala na feni. Mwandishi wa programu za kompyuta akikutana na hitilafu hakisii, bali hugawa. Ikiwa shaka imeangukia mabadiliko 16, huyakata nusu kwa nusu, na kwa majaribio manne humpata mkosaji. Ndani ya Git, chombo cha kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya programu alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, imo amri mahususi ya kazi hiyo. Kwetu Ngamiani, Tanga, tuliifanya kwa saa, daftari na kuchomoa plagi, bila kuifungua mita, jambo ambalo kamwe usilifanye.

Kwanza lifanye tatizo lionekane. Subiri watu walale na taa zizimwe, kisha hesabu kitaa cha mita kinapepesa mara ngapi. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, mipepeso 1000 ni uniti moja. Hesabu kwa nusu saa nzima, kwa sababu friji huwaka na kupumzika, na hesabu ya dakika moja itakudanganya. Sisi tulipata mipepeso 100, yaani uniti 1.6 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, ilhali hakuna aliyekuwa akitumia chochote.

Kisha chomoa nusu ya plagi, uhesabu tena. Mipepeso ikipungua sana, mkosaji yumo katika nusu uliyoichomoa. Igawe hiyo, na uandike kila jaribio kabla ya kuanza jingine, kwa kuwa kumbukumbu ya usiku wa manane si ya kutegemewa.

Kwetu alikuwa friji. Tulifunga mlango juu ya kipande cha karatasi, tukakivuta, kikatoka bila kukamatwa upande wa chini: mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa, na joto la kaskazi lilikuwa likiingia usiku kucha. Hapo badili kitu kimoja tu, maana ukibadili mpira na kuhamisha friji siku hiyo hiyo, hutajua nafuu imeletwa na kipi. Tuliweka mpira mpya, tukahesabu upya: mipepeso 45.

Waandishi wa programu hurudia majaribio yao ili hitilafu ya zamani isirudi kimyakimya. Nasi kila mwisho wa mwezi tunahesabu nusu saa ile ile, na namba ikipita 60 tunaanza na karatasi.