Jinsi ya kuandika wasifu mfupi wa John Quincy Adams

Wasifu wa Adams, aliyekuwa rais wa Marekani, huharibika kwenye mgawanyo wa nafasi. Mwandishi akishaona neno "rais", humwaga nusu ya maneno yake kwenye miaka 4 ya Ikulu (1825–1829), na miaka 76 iliyobaki ya umri wake wa miaka 80 ikaambulia aya moja. Kazi zake kubwa ziko kabla na baada ya urais. Kwa makala ya maneno 1,000, tenga 350 kwa ubalozi na uwaziri, 250 kwa uchaguzi na urais, na 400 kwa miaka ya Bungeni.

Kwanza mtofautishe na baba yake. John Adams ni rais wa 2. Mwanawe, mwenye jina la Quincy katikati, ni wa 6. Ukiandika "Adams" peke yake katika sentensi inayowagusa wote wawili, msomaji atapotea. Mahali alipozaliwa, 11 Julai 1767, andika Braintree, Massachusetts, kisha ongeza kwamba sehemu hiyo ilikuja kuwa mji wa Quincy mwaka 1792. Bila maelezo hayo utadhaniwa umekosea.

Halafu panga vyeo kwa miaka kabla ya kuandika sentensi yoyote: Uholanzi 1794, Prussia 1797, Seneti 1803–1808, Urusi 1809, mazungumzo ya amani na Uingereza mjini Ghent 1814, Uingereza 1815, Waziri wa Mambo ya Nje 1817–1825. Wengi huisahau Seneti kwa kuwa imekaa katikati ya safari za kibalozi. Usiiruke. Aliunga mkono marufuku ya biashara ya nje ya Rais Jefferson, chama chake cha Federalist kikamgeuka, akajiuzulu. Hapo ndipo tabia yake inapoonekana mapema. Kwenye uwaziri, mambo mawili yanatosha: mkataba wa 1819 ulioitoa Florida mikononi mwa Hispania, na tamko la Rais Monroe la 1823, lililoonya mataifa ya Ulaya yasiingilie mabara ya Amerika, ambalo yeye alilichangia kwa kiasi kikubwa.

Uchaguzi wa 1824 unataka uangalifu. Kura za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais zilikuwa 261, za kushinda 131. Jackson alipata 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Hakuna aliyefikisha, kwa hiyo Marekebisho ya 12 ya Katiba yakalikabidhi Baraza la Wawakilishi kazi ya kuchagua kati ya watatu wa juu. Clay akawa nje. Kila jimbo lilipiga kura moja, na tarehe 9 Februari 1825 Adams akapata majimbo 13 kati ya 24. Clay, aliyemuunga mkono, akafanywa Waziri wa Mambo ya Nje. Wafuasi wa Jackson wakaita hayo mapatano ya ufisadi. Liandike kama shutuma yao, maana ushahidi wa makubaliano ya cheo kwa kura haujapatikana. Ukitaja kura za wananchi, eleza pia kwamba majimbo 6 yaliwachagua wajumbe kupitia mabunge yao.

Sasa njoo Bungeni, yaani katika Baraza la Wawakilishi, alikokaa kuanzia 1831 hadi kifo chake mwaka 1848. Kanuni ya 1836 iliweka kando maombi yote ya wananchi kuhusu utumwa bila kujadiliwa. Adams aliyasoma, akakatizwa, akarudi nayo tena, mpaka kanuni ikafutwa 3 Desemba 1844. Kesi ya Amistad ya 1841, ambapo aliwatetea katika Mahakama ya Juu Waafrika waliotekwa kuwa watumwa na kuasi ndani ya meli ya jina hilo, iweke hapa, lakini usimpe sifa zote: Roger Baldwin aliwatetea Waafrika hao tangu mahakama za chini, na wengi wao walikuwa Wamende kutoka eneo la Sierra Leone ya leo. Mtaje Sengbe Pieh, kiongozi wao, kwa jina.

Chanzo chako kikuu kitakuwa shajara yake, aliyoianza 1779 akiwa na miaka 12. Itumie kwa tarehe na watu aliokutana nao. Kwa hukumu juu ya wapinzani, ipime na barua zao wenyewe, kwani alikuwa mkali mno. Tazama Ghent, ambako Clay alikuwa mjumbe mwenzake: anaandika kwamba alipokaribia kuamka alfajiri, wageni wa Clay ndio kwanza walikuwa wakitoka chumbani mwake. Sentensi hiyo moja inafaa kunukuliwa, maana huyo ndiye Clay wa 1825, na msomaji ataona umbali waliotoka wawili hao.