Somo: Kutumia lenzi za skrubu kwenye kamera ya filamu ya mdomo wa M

Wakuu, somo hili ni la wenye kamera ya renjifainda (kifaa cha kupima masafa kwa kuunganisha picha mbili kwenye dirisha la kutazamia) ya mdomo wa M, yaani mahali pa kufungia lenzi pa mtindo wa Leica M (Leica M3 na zilizofuata, Bessa R2 na jamaa zake) wanaotaka kutumia lenzi kuukuu za skrubu za mm 39: Elmar, Summitar, Canon, Nikkor, na zile za Kisovieti kina Jupiter na Industar. Kufunga lenzi ni kazi ya dakika mbili. Kinachokula muda ni kuhakikisha kamera na lenzi zinakubaliana kuhusu masafa, na hapo ndipo wengi wanaruka hatua, halafu lawama zote zinaiangukia lenzi.

Tuanze na vipimo. Kwenye Leica za skrubu, kutoka mdomo wa kamera hadi filamu ni mm 28.8. M3 ilipotoka mwaka 1954 na mdomo mpya wa kuchomeka na kuzungusha, umbali huo ukawa mm 27.8. Tofauti ni mm 1, na adapta ni pete ya unene huohuo, basi. Haina kioo ndani, kwa hiyo haigusi ubora wa picha. Lenzi inakaa palepale ilipozoea, na sehemu yake ya nyuma inaendelea kusukuma gurudumu dogo la renjifainda lililo juu ndani ya mdomo wa kamera.

Hatua ya 1: Chagua adapta

Zipo za aina tatu, kulingana na fremu (mistari inayoonyesha eneo la picha kwa lenzi ya mm fulani) zinazoitwa kwenye dirisha la kutazamia: 28/90, 35/135 na 50/75. Chukua inayolingana na lenzi yako. Kumbuka tu kwamba adapta haiwezi kuleta fremu ambayo kamera haina. M3 ina 50, 90 na 135 peke yake, hivyo kwa lenzi ya mm 35 utahitaji kitazamio cha nje cha kuchomeka juu.

Jambo kubwa ni unene. Adapta za bei ya chini nyingine huwa nyembamba au nene kupita kiasi, na kosa la mm 0.05 si dogo. Pima kwa vernia (kipimio cha unene) sehemu kadhaa kuzunguka pete. Ajabu ni kwamba lenzi ya mm 50 inasamehe sana: adapta ikiwa nyembamba, lenzi na sehemu inayosukuma gurudumu vinarudi nyuma kwa kiasi kilekile, hivyo unachokiona kwenye renjifainda bado ni kweli, namba za masafa kwenye pete ndizo zinazodanganya. Lenzi ya mm 90 haina huruma hiyo. Piga hesabu: adapta ikipungua mm 0.05, ukilenga kitu kilicho mita 2, fokasi inaangukia karibu sentimita 5 mbele yake. Ukiwa kwenye f/4 (upenyo wa lenzi uliobanwa) huenda usigundue. Ukiwa kwenye f/2 (upenyo mpana), umelenga jicho ukapata pua. Ndiyo maana mimi siamini adapta iliyojaribiwa kwa lenzi ya 50 peke yake.

Hatua ya 2: Kagua lenzi

Mulika tochi kutokea nyuma, utazame ukungu, fangasi na mikwaruzo. Ukungu mwepesi mara nyingi fundi anausafisha. Fangasi iliyokwisha kula kioo ndiyo basi tena. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikikwama katikati, grisi imekauka, usiilazimishe.

Kisha tazama nyuma. Jupiter-12 ya mm 35 ina kioo cha nyuma kilichochomoza sana, na lenzi za kukunja zinaingia ndani ya kamera zinapofungwa. Leica M5 na CL zina mkono wa kupimia mwanga unaosimama mbele ya shata (pazia linalofunguka mwanga ufike kwenye filamu), kwa hiyo kwenye hizo mbili lenzi za namna hii nisingeziweka kabisa.

Hatua ya 3: Funga

Kaza adapta kwenye lenzi kwa vidole, nje ya kamera. Thredi ziingie zenyewe. Ukihisi zinasaga, rudisha uanze upya. Kisha linganisha alama, chomeka, zungusha mpaka usikie mlio wa kufunga.

Lenzi zenye kitufe cha kujifunga kwenye ∞ (alama ya masafa ya mbali kabisa) zina usumbufu wake: kwenye baadhi ya adapta za duara kamili kitufe kinagonga ukingo wa pete. Tafuta adapta yenye pengo upande huo.

Hatua ya 4: Jaribu mbali na karibu

Weka lenzi kwenye ∞, utazame kitu cha mbali sana, mnara au ukingo wa mlima. Picha mbili za renjifainda zinatakiwa ziungane ziwe moja. Zisipoungana, jaribu lenzi nyingine kabla hujamshika fundi. Kosa linaweza kuwa la kamera.

Karibu ndiko kwenye mtihani. Laza rula kwa mshazari, kamera iwe juu ya stendi mita 1 kutoka katikati ya rula. Fungua upenyo wote, lenga namba ya katikati, piga. Rudia ukiwa mita 2. Tumia filamu ya ISO 100 au chini yake ili chembe zisikufiche kitu. Filamu ikishasafishwa, tazama kwa kioo cha kukuza namba iliyo kali kuliko zote, uiandike pembeni kwa kila lenzi.

Zaidi ya hapo ni tahadhari moja: kamera hizi hazina kioo cha kukinga shata. Ukiacha lenzi wazi inatazama jua, mwanga unakusanyika na kutoboa pazia la kitambaa kama la Leica M3. Funika lenzi ukiwa njiani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, Jupiter-8 yangu ni kali kabisa mbali, lakini sura za karibu zinatoka laini. Adapta nimeipima, iko sawa.

Jibu: Hiyo si adapta, ndugu. Jupiter-8 na Jupiter-3 zimetokana na Sonnar ya Zeiss, iliyoundwa kwa ajili ya kamera za Contax. Urefu wake halisi wa fokasi ni karibu mm 52.4, wakati renjifainda ya Leica imepangwa kwa mm 51.6. Ikiwa ∞ iko sawa, ukiwa mita 1 fokasi inaangukia kama sentimita 3 nyuma ya ulipolenga. Funga upenyo hadi f/4, au lenga halafu usogee nyuma kidogo kabla ya kupiga. Fundi anayezijua anaweza kuongeza pete nyembamba ndani ili ikae sawa karibu, lakini utapoteza ukali kidogo kule mbali ukifungua upenyo wote. Binafsi ningechagua karibu, maana f/2 naitumia kwa sura za watu.

Swali: Nina lenzi ya Zenit ya zamani, nayo ni skrubu ya mm 39. Imeingia vizuri lakini sioni kitu kikali popote.

Jibu: Skrubu ni ileile, umbali ni mwingine. Zenit hizo, kamera za Kisovieti zenye kioo ndani, zinahitaji mm 45.2 hadi kwenye filamu, kwako imekaa karibu sana. Pete ya kuongeza urefu itarudisha fokasi, ila renjifainda haitafanya kazi. Utakadiria masafa kwa macho.

Swali: Na kinyume chake? Lenzi ya M kwenye Zorki, kamera ya Kisovieti ya skrubu?

Jibu: Haiwezekani, kaka. Ingebidi lenzi iingie mm 1 ndani ya mdomo wa kamera.

Swali: Adapta imenasa kwenye lenzi, haitoki. Nitumie koleo?

Jibu: Koleo weka mbali, litapinda pete. Vaa glavu za mpira, shika adapta kuzunguka pande zote badala ya kubana sehemu mbili, na lenzi ishike sehemu ya chini isiyozunguka. Ukishika pete ya fokasi utakuwa unapambana na kizuizi chake cha mwisho, nacho kikivunjika una kazi mbili.