Saa ya hadithi maktabani: namna ya kuianzisha na kuiendesha

Mkutubi anafungua kitabu, anasoma, watoto wanapiga makofi, wanaondoka. Rafu hazijaguswa. Saa za hadithi nyingi huishia hapo, na zangu za mwanzo ziliishia hapohapo. Siku hizi najipima kwa mambo mawili: vitabu vilivyotoka mlangoni baada ya kusoma, na mzazi aliyeondoka akijua namna ya kusoma na mwanawe nyumbani. Hatua zote hapa chini zinalenga hayo.

Hatua ya 1: Amua umri, muda na idadi

Anza na watoto wa miaka 3 hadi 5. Ukichanganya na wa miaka 9, wakubwa watachoka na wadogo watapotea. Neno "saa" lisikudanganye: dakika 30 zinatosha, na kumi kati ya hizo si za kusoma. Watoto 12 hadi 15 kwa msomaji mmoja. Wakizidi, wa nyuma hawaoni picha, na asiyeona picha huanza kumchokoza jirani. Siku iwe ileile kila wiki. Bandika tangazo mlangoni pia kwa ajili ya wasomaji wanaotaka utulivu, wajipange.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyomzuia mzazi

Usidai kadi ya uanachama ili mtoto aingie. Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza 1949 na kupitiwa upya mwaka 2022, inaweka msimamo kwamba huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe za bure. Kadi ije baadaye, fomu zikiwa tayari mezani.

Kizuizi kikubwa huwa hakisemwi: mzazi anaogopa mtoto atachana kitabu. Mwambie waziwazi utaratibu wenu ukoje ukurasa ukichanika. Mwombe akirudishe kama kilivyo, asikitibu kwa selotepu. Selotepu ya kawaida hugeuka njano na gundi yake huharibu karatasi.

Hatua ya 3: Chagua vitabu vitatu

Kimoja kiwe na maneno yanayojirudia ambayo watoto watayadaka, kimoja kiwe hadithi ya maisha ya kila siku, na kimoja cha maarifa, kwa mfano wanyama au magari. Kirefu kitangulie, wakati masikio bado mapya. Kisha fanya jaribio hili: fungua kitabu juu ya kiti, rudi nyuma hatua tano. Kama picha huitambui, kitabu hicho ni cha kusomwa mapajani, hakifai kundi.

Kama maktaba yenu inatumia mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, tafuta ngano kwenye 398.2. Ziko katikati ya sayansi za jamii, mbali kabisa na vitabu vya watoto, na wakutubi wengi huzipita kila siku bila kuzikumbuka.

Soma kila kitabu kwa sauti mara mbili kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 4: Panga chumba

Hapa nilikosea kwa miezi kadhaa. Niliwawekea wazazi viti nyuma ya chumba, kwa heshima kabisa, nao wakakaa huko na simu zao. Sasa viti nimeviondoa, isipokuwa kwa wazee na wenye shida ya kukaa chini. Mzazi anakaa mkekani, mtoto wake mbele yake. Wewe kaa kwenye kigoda mgongo ukielekea ukuta, usielekee dirisha, kwani mwanga wa nyuma yako hufanya kitabu kionekane cheusi.

Hatua ya 5: Soma kwa mazungumzo

Ukiita "Paukwa!" nao wakajibu "Pakawa!", umekwishawapata, usipoteze nafasi hiyo kwa hotuba ya ukaribisho. Shika kitabu ubavuni, si kifuani, na kisogeze polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto ambao wazazi wao walifundishwa kuwauliza maswali na kutanua majibu yao wakati wa kusoma walipiga hatua kubwa zaidi katika kuzungumza kuliko waliosomewa kwa kawaida. Mbinu yenyewe ni fupi. Unaonyesha picha:

"Huyu anafanya nini?"
"Anakimbia."
"Ndiyo, anakimbia kwa sababu mvua imeanza. Tuseme pamoja: mvua imeanza!"

Umeuliza, umepokea, umetanua, mtoto amerudia. Fanya hivyo mara tatu au nne tu kwa kitabu kimoja, maana maswali yakizidi hadithi inageuka mtihani. Epuka maswali ya ndiyo au hapana. Mtoto akijibu kisichohusika kabisa, pokea na uendelee. Wakati mwingine jibu lake ni zuri kuliko kitabu.

Kwenye kitabu cha pili, simama katikati na uwaachie wazazi kurasa mbili wazijadili na watoto wao. Chumba kitakuwa na kelele. Iache.

Hatua ya 6: Dakika kumi za kuazima

Kabla hawajafika, uwe umeandaa angalau vitabu 30, majalada yakitazama juu, si migongo. Ukimaliza kusoma vimwage mkekani. Mtoto achague mwenyewe. Mzazi akisema "hicho kigumu kwako," mkumbushe kwa upole kwamba atakayesoma ni yeye mzazi. Mwenzako awe kaunta tayari, kwa sababu foleni ya dakika kumi na mtoto wa miaka mitatu hufuta kazi yote uliyoifanya.

Hatua ya 7: Andika daftari

Tarehe, idadi ya watoto, vitabu vilivyoazimwa, na sentensi moja: wapi walicheka, wapi waliinuka. Usipige picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Wiki ijayo rudia kitabu kimoja kati ya vile vitatu, kile walichocheka zaidi. Safari hii ukifika kwenye maneno yanayojirudia, nyamaza.