Kabla hujashusha kizimba Ziwa Victoria: jinsi ya kupata eneo na leseni

Mara nyingi anayenipigia simu ni mtu ambaye tayari amenunua vizimba vya kufugia samaki. Vyuma vimechomelewa, nyavu zimeshonwa, vifaranga wamelipiwa, ndipo anauliza leseni inatolewa wapi. Huwa naumia kumjibu. Maji aliyoyachagua mara nyingi hayamfai, na hakuna karatasi itakayoyageuza. Mimi nafuga ngege (samaki aina ya tilapia) upande wa Seme, magharibi ya jiji la Kisumu, na nimesaidia vikundi vya kina mama na vijana kupeleka maombi yao. Mpangilio ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Jua maji ni ya nani

Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema maziwa ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa inalishikilia ziwa kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo msimamizi. Kwa hiyo hata kama shamba la ukoo wenu linafika ufuoni, haki yenu inaishia pale maji yanapoanzia. Utakachopewa ni ruhusa ya kufuga mahali palipotajwa, kwa masharti. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, na humo humo wamo wavuvi, mashua za abiria, mabomba ya maji ya miji na sisi wafugaji. Ndiyo maana eneo linachunguzwa kabla ya mtu.

Hatua ya 2: Pima maji mwenyewe

Hapa usiharakishe. Kizimba changu cha kwanza nilikifunga ndani ya ghuba, mahali patulivu, ili mlinzi akione akiwa nyumbani. Kina kilikuwa mita tatu na nusu. Asubuhi moja, baada ya usiku wa upepo mkali, tulikuta ngege wote wako juu wanahema. Kufika saa tatu tulikuwa tunaokota mizoga kwa karai. Upepo ulikuwa umekoroga maji ya chini, yale mazito yasiyo na hewa, ukayaleta juu. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wengi wa Kisumu walipoteza samaki kwa namna hiyo hiyo, wengine wakabaki na madeni ya chakula cha samaki ambacho samaki wake hawakuuzwa kamwe.

Basi chukua kamba, ifunge jiwe, weka fundo kila mita moja. Panda mashua upime sehemu tano au sita za eneo unalolitaka. Wavu wako ukiwa na kina cha mita mbili na nusu, chini yake pabaki angalau kina kama hicho kingine, ili kinyesi na mabaki ya chakula yachukuliwe na mkondo. Mimi sikubali chini ya mita sita. Kumbuka pia kwamba ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilifurika hadi likameza bichi nzima nzima, na aliyepima wakati ule hawezi kutegemea kina hicho maji yakirudi nyuma. Waulize wazee wa ufuo maji yaliwahi kurudi hadi wapi.

Hewa ya majini ipime saa kumi na moja alfajiri. Mchana mwani hutoa oksijeni na kila mahali panaonekana pazuri. Usiku mwani huohuo huivuta, kwa hiyo kipimo cha alfajiri ndicho cha kuaminika. Natafuta miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3, ondoka hapo. Kama huna kifaa, zungumza na afisa wa uvuvi au na kituo cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kilichoko Kisumu. Epuka midomo ya mito kama Nyando na Sondu, kwa kuwa samaki wa mwituni huzaliana huko na mafuriko huleta tope. Epuka pia ghuba ambazo gugumaji hupenda kujazana.

Hatua ya 3: Nenda kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), tena kwa mkutano mzima

Watu wengi humtafuta mwenyekiti, wakampa soda, akatia sahihi. Sahihi ya namna hiyo haina uzito siku mvuvi wa omena atakaposema umeziba njia yake. Omba mkutano wa wanachama wote. Wachoree eneo chini mchangani, waache waseme wanatega wapi, mashua hupita wapi usiku, na wachuuzi wa samaki wanasimama wapi. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilisogeza vizimba vyake mita mia tatu baada ya mama mmoja mchuuzi kueleza kwamba boti za alfajiri hupitia hapo. Wale wavuvi ndio wanaokilinda kikundi hicho dhidi ya wezi hadi leo. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe, zitiwe sahihi, na orodha ya waliohudhuria iambatishwe.

Hatua ya 4: Chukua alama za GPS

Simu yako inatosha kwa kuanzia. Chukua alama za pembe nne za eneo, kisha mwombe afisa wa uvuvi wa kaunti aje azithibitishe majini. Omba eneo kubwa kuliko vizimba ulivyo navyo, ili uweze kuvisogeza na kupumzisha sakafu ya ziwa.

Hatua ya 5: Kibali cha mazingira

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari za mradi zichunguzwe kabla ya kuanza, na ripoti ipelekwe NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikiwa imeandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa nao. Ukubwa wa mradi ndio unaoamua uzito wa uchunguzi. Isome ripoti hiyo ukurasa kwa ukurasa kabla hujailipia. Niliwahi kusoma moja iliyoeleza namna mradi utakavyolinda mikoko. Ziwa letu halina mikoko. Mtu alikuwa amenakili kazi ya pwani. Maombi yalirudishwa, na kikundi kile kikapoteza msimu. Yako ieleze chakula kinachobaki, mizoga itazikwa wapi, na jirani wa karibu ni nani. Ukinyimwa kibali na unaona umeonewa, unaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60.

Hatua ya 6: Leseni ya ufugaji

Hii iko chini ya sheria ya uvuvi ya 2016, inayosimamiwa na Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Anzia ofisi ya uvuvi ya kaunti, nao watakueleza ada za sasa, za kitaifa na za kaunti. Mimi huambatisha cheti cha kikundi, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), kumbukumbu za BMU, ramani yenye alama, kibali cha NEMA, na barua ya kituo kitakachoniuzia vifaranga. Hiyo barua usiidharau. Kuingiza aina ya samaki wa kigeni bila idhini ni kosa, na samaki wakitoroka kutoka kizimbani hakuna atakayewarudisha.

Hatua ya 7: Ukishapata

Funga maboya kwenye pembe zote nne na taa za jua zinazowaka usiku. Weka daftari la kila siku: chakula, vifo, joto la maji, hewa ya alfajiri. Litakufaa wakati wa ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka na utakapoomba leseni mpya. Siku utakayoona samaki wanahema juu, usiwape chakula. Punguza idadi kizimbani kwa kuvuna waliofikia ukubwa wa soko, kisha mpigie simu afisa wa uvuvi na jirani mwenye vizimba upande upepo unakoelekea, maana maji hayo yatamfikia.