Uji wa mwani hushika chakula cha perege

Mfugaji wa perege anayejitengenezea chakula kwa pumba, mashudu na dagaa, kisha akakiona kikisambaratika bwawani kabla samaki hawajakila, ajaribu mwani mkavu wa kotonii, ule unaolimwa Zanzibar. Uoshe kwa maji baridi mara tatu hadi unga mweupe wa chumvi uishe, uanike tena, kisha uusage. Kwa kila kilo moja ya chakula, chemsha gramu 30 hadi 50 za unga huo huku ukikoroga mpaka maji yawe uji mzito unaonata kwenye mwiko, ukandie chakula ungali na moto, ukipitishe kwenye mashine ya kusagia nyama na kukianika kivulini. Usiruke hatua ya kuchemsha, kwa sababu karajinani iliyomo ndani ya mwani huyeyuka katika maji ya moto na kuganda inapopoa, na hapo ndipo hushika chembe za chakula pamoja. Unga uliochanganywa bila kupikwa haushiki vizuri. Zaidi ya hayo, mwani huongeza madini, na katika majaribio kadhaa sukari zake changamano zimeonekana kuimarisha kinga ya samaki. Ukizidisha kipimo samaki hudumaa, kwani mwani una majivu mengi, yaani madini yanayobaki ukiuchoma, na protini kidogo, hivyo hauwezi kuchukua nafasi ya dagaa. Vitamini zitiwe baada ya kukanda, mchanganyiko ukishakuwa vuguvugu, maana moto huziharibu. Kabla ya kulisha, tumbukiza punje moja katika glasi ya maji: ikimeguka baada ya dakika chache, uji ulikuwa mwepesi.