Bekapu za ofisi, tufanye kabla minada ya korosho haijaanza

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaoshika kompyuta za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na maghala, hili la bekapu, yaani nakala za akiba za data zetu, tulifanye sasa hivi, mwezi wa 10 ukishaingia hakuna atakayekusikiliza.

Makampuni makubwa hawaanzi na kununua vifaa, wanaanza na maswali mawili, mfumo ukizima tunaweza kukaa bila huo mfumo muda gani, na data za muda gani zikipotea tutavumilia. Kaa na meneja na mtunza ghala mjibu. Mkisema lisaa limoja basi bekapu ya kila Ijumaa haiwafai.

Halafu nakala ziwe 3, kwenye vifaa vya aina 2, angalau moja ikae mbali na ofisi. Ila mbali kusiwe mtandaoni peke yake jamani, mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita barabara ya Dar ikakatika, hatujakaa sawa tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti ikawa ya kuvizia. Kwa hiyo moja Dar, nyingine hata Masasi, sehemu ya kufika na bodaboda.

Na nakala moja isichomekwe kwenye kompyuta wala mtandao wowote, kirusi kisiifikie. Juni 2017 kirusi cha kompyuta cha NotPetya kiliwafutia Maersk, kampuni ya meli za mizigo, seva (kompyuta kuu) dunia nzima, zikiwemo zinazotunza nani anaruhusiwa kuingia wapi, ikabaki moja tu Ghana kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale! Intaneti ya kuituma ilikuwa ndogo mno, ikabidi hadi diski ibebwe kwa ndege mpaka Uingereza.

Sasa kubwa kuliko yote, JARIBU KUZIRUDISHA. Ofisi moja niliyofanya kazi kompyuta iliandika bekapu imekamilika kila jioni, siku diski imekufa tunafungua mafaili matupu, tukaanza kuingiza stakabadhi moja moja kutoka kwenye karatasi huku wazee wamekaa nje wanasubiri hela zao, iliniuma sana ile. Kwa hiyo kila mwezi chukua laptop nyingine, rudisha data zote, angalia saa umetumia muda gani, linganisha na mlichojibu mwanzo. Wakubwa wenyewe huwa wanazima mfumo mkuu makusudi wafanye kazi na ule wa akiba waone kama unabeba.

Namba za simu za watu wa kupigiwa printi ubandike ukutani, zikiwa ndani ya kompyuta iliyokufa utampigia nani.