Viungo vinavyovimba na kupona kabla hujamwona daktari: namna ya kutunza ushahidi

Kidole kinaanza kuuma saa 2 usiku. Ikifika saa 8 kimevimba, ngumi haifungi. Keshokutwa kimerudi kawaida kabisa. Mgonjwa akipanda meli Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Mwanza mjini, daktari anabonyeza, anakunja, anakunjua, haoni kitu. Wiki tatu baadaye ni zamu ya goti.

Ugonjwa huu una jina: rumatizimu ya palindromiki. Hench na Rosenberg, madaktari wa Marekani, waliuelezea kwa kina mwaka 1944. Shambulio huchukua saa chache hadi siku 3 hivi, mara chache wiki, kisha kiungo hupoa bila kubaki na ulemavu na eksirei hutoka safi. Kwa hiyo nusu ya uchunguzi iko mikononi mwa mgonjwa.

Kuandika na kupiga picha

Tenga daftari dogo. Kila shambulio liandikwe saa ya kuanza, saa ya ukali, saa ya kuisha, kiungo gani na upande gani, dawa uliyomeza na kiasi chake. Mfano: "Jumanne saa 3 usiku, kifundo cha mkono wa kulia. Jumatano saa 4 asubuhi, siwezi kushika kikombe. Alhamisi jioni, kimeisha. Ibuprofen 400 mg mara 3." Mistari hiyo michache inamsaidia daktari kuliko "viungo vinaniuma tangu mwaka jana".

Picha zipigwe mchana, mikono yote miwili ikiwa bapa juu ya kitambaa cha rangi moja, bila mwanga wa simu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo gusa kiungo kwa mgongo wa mkono, ulinganishe joto na cha upande wa pili, uandike. Goti lipimwe kwa futi ya fundi cherehani katikati ya kifuniko cha goti, mguu umenyooka. Kidole kizungushiwe uzi. Pima pande zote mbili. Picha halisi ibaki kwenye simu, kwa sababu ikishatumwa WhatsApp hupungua ubora na tarehe ya kupigwa huweza kupotea.

Wavuvi wengi husema "nimevuta nyavu vibaya". Msuli ulioteguka huuma palepale ulipoumia, tena kwa siku nyingi. Ugonjwa huu huruka: leo kifundo cha mkono, mwezi ujao bega la upande mwingine, hata kipindi cha mbalamwezi ambacho wavuvi wa dagaa wamepumzika.

Vipimo, na lini

ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, vichukuliwe kiungo kikiwa kimevimba, kwenye maabara iliyo karibu, usisubiri tarehe ya kliniki. Virudiwe baada ya wiki mbili kikiwa kimepoa. Kupanda kisha kushuka huunga mkono kwamba uvimbe ulikuwepo. RF na anti-CCP, vipimo vya kingamwili za baridi yabisi kwenye damu, vinaweza kuchukuliwa wakati wowote. RF peke yake isikutishe: kifua kikuu, homa ya ini na maambukizi mengine ya muda mrefu huweza kuipandisha. Anti-CCP ndiyo yenye uzito zaidi. Ikiwa chanya, uwezekano wa kuelekea baridi yabisi ya kudumu huongezeka. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza, na daftari liende nawe.

Yuriki asidi ipimwe pia, maana gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo ikizidi, hufanana sana na ugonjwa huu. Wakati wa shambulio la gauti kiwango kinaweza kusoma kawaida, hivyo kirudiwe wiki mbili baada ya kupoa. Kukatazwa nyama choma kabla ya hapo ni adhabu ya bure.

Kiungo kimoja chenye moto, pamoja na homa au kushindwa kabisa kukikanyagia, ni cha hospitali siku hiyohiyo: usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Mtoto mwenye maumivu yanayohama baada ya kuumwa koo achunguzwe moyo. Mwenye selimundu aanzie kliniki yake.

Dawa

Kwa shambulio, mtu mzima hutumia ibuprofen 400 mg kila saa 8 baada ya chakula, siku 3 bila kuzidi. Isichanganywe na diclofenac, hata ya sindano. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiinunue bila kuuliza. Kinachoharibu mambo zaidi ni prednisolone (dawa ya steroidi) ya dukani: uvimbe unanywea haraka, picha ya ugonjwa inavurugika, na mwili unaizoea.

Mashambulizi yakiwa ya mara kwa mara, daktari huweza kuanzisha hydroxychloroquine, isiyozidi 5 mg kwa kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 asizidi wastani wa 300 mg kwa siku, mathalani kidonge kimoja cha 200 mg leo na viwili kesho. Huchukua miezi 2 hadi 3 kufanya kazi, na wengi huiacha wiki ya nne wakidhani imeshindwa. Macho yapimwe mwanzoni. Ingawa ni ndugu wa klorokwini, isikufanye uache chandarua, na ukipewa dawa ya mseto ya malaria mtaje mtoa huduma kwamba unaitumia, kwani zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo.

Inapogeuka

Takriban theluthi moja ya wagonjwa, na kwa tafiti nyingine hadi nusu, huishia kupata baridi yabisi ya kudumu. Wengine hubaki hivyohivyo miaka mingi, wengine huacha kupata mashambulizi. Sigara huongeza hatari.

Angalia daftari: shambulio jipya linaanza kabla la zamani halijaisha, uvimbe unapita wiki, mikono yote miwili inashikwa sehemu zilezile, ukakamavu wa asubuhi unazidi nusu saa. Jaribu pia kumwomba mtu aminye kiganja chako kwa upande, pale vidole vinapoanzia. Ukiruka kwa maumivu mikono yote, siku ambayo hakuna shambulio, omba miadi isogezwe mbele. Matibabu yakianza ndani ya miezi 3 tangu uvimbe kukaa, kiungo kina nafasi nzuri ya kutoharibika.

Hapo dawa huwa methotrexate, inayotuliza kinga ya mwili, na humezwa mara moja kwa WIKI, pamoja na folic acid siku nyingine. Andika jina la siku juu ya boksi. Anayeimeza kila siku hupata vidonda mdomoni, damu hushuka, na anaweza kufa.